Bahasha ya kura iliyolipiwa posta na serikali: nimeitumia Waltham, sasa naitumia Kampala

Naanza na nyota manake najua wengine hamtafika mwisho. Ukiwa ndani ya Marekani hii huduma naipa nyota tano. Ukiwa Kampala mjini naipa tatu. Ukiwa Arua, Gulu, Kasese ama Moroto naipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu bahasha yenyewe hawakudai hata senti. Huduma ni ileile, serikali imelipa vilevile, kinachobadilika ni mahali umesimama wakati unaifunga.

Kwa ambao hawajawahi kuiona nieleze kidogo. Kule mtu anaweza kupiga kura bila kufika kituoni, wanakutumia karatasi ya kura nyumbani, unaijaza mezani kwako, unaitia kwenye bahasha yake, unasaini, unairudisha kwa posta. Sasa ugomvi wa miaka mingi ni huu: stempu ya kurudishia alipe nani? Kuna majimbo yanasema mpiga kura ajilipie, Texas na Georgia kwa mfano, na kuna majimbo ambako serikali imebeba huo mzigo, kama California, Oregon, Nevada, New Jersey, jimbo la Washington ambalo lilianza 2018, na Massachusetts nilikokaa miaka yangu ya kyeyo, yaani kutafuta pesa ughaibuni. Alafu kuna sisi tuliorudi nyumbani na pasipoti mbili, maana Uganda imeruhusu uraia pacha tangu 2009, sisi tuna sheria yetu ya shirikisho ambayo ni ya zamani kuliko hizo za majimbo zote nilizozitaja, nitaifikia.

Nianze na Waltham kwa sababu pale ndo nilielewa hii kitu ina maana gani. Mganda yeyote aliyepita pande za Boston anaijua Waltham, matoke unapata, Jumapili unasikia Luganda kanisani, na wengi wetu tulikuwa kwenye kazi ya kutunza wazee, shifti ya usiku, wengine wanaunganisha na ya mchana. Mtu wa shifti ya usiku anarudi nyumbani asubuhi, analala, akiamka posta imekaribia kufunga na yeye ana watoto wa kupokea kutoka shule. Huyo ukimwambia "si stempu tu jamani, ni senti 73" (hiyo ndo ilikuwa bei wakati wa uchaguzi wa 2024, kwa pesa yetu haifiki shilingi elfu tatu) hujamwelewa kabisa. Tatizo halijawahi kuwa hizo senti. Tatizo ni kwamba sa hizi hakuna mtu ana stempu ndani ya nyumba! Kodi ya nyumba unalipa kwa simu, umeme kwa simu, hospitali wanakuandikia kwa simu, barua ya mwisho kuandika kwa mkono hata hukumbuki ilikuwa lini. Na ukienda supamaketi kununua stempu hawakuuzii moja, wanakuuzia kijitabu cha 20, kwa bei ile ya 2024 ni dola 14 na senti 60, ili utumie moja tu na zile 19 zikae kwenye droo. Ya moja moja iko kaunta ya posta, na kaunta ya posta iko wazi saa ambazo wewe umelala.

Ndo maana nilifurahi sana Juni 2022 gavana Charlie Baker alipotia saini ile sheria iliyofanya kura ya posta iwe ya kudumu Massachusetts, bila mtu kuulizwa sababu, na bahasha ya kurudisha inakuja imeshalipiwa. Ukiishika unaona kona ya juu kulia, pale stempu ingekaa, pameshachapwa kwamba posta imelipwa, anwani ya ofisi ya uchaguzi ya mji wako iko tayari katikati, wewe kazi yako ni kufunga na kusaini. Unaitumbukiza kwenye lile sanduku la bluu lililoko njiani kwenda kazini. Kwisha. Nimeona watu ambao walikuwa wanasema kila mwaka "nitapiga nikipata muda" wakapiga, na hawakuhitaji kushawishiwa na mtu, waliondolewa kikwazo kimoja tu.

Kuna jambo moja la kihasibu napenda watu wajue manake wapinzani wa hii huduma husema ni kutupa pesa za walipa kodi. Serikali ikibandika stempu ya kawaida kwenye kila bahasha, hapo kweli inalipia hata zile ambazo zitaishia kwenye pipa. Lakini kuna mpango mwingine wa posta yao, ofisi ya uchaguzi inachukua kibali, inachapa alama maalum kwenye bahasha, na posta inaidai kwa zile bahasha zilizorudi tu. Hakuna kura, hakuna bili. Sasa hapo pesa imetupwa wapi?

Na kuna kingine ambacho wengi hata kule hawakijui. Posta ya Marekani ina utaratibu kwamba bahasha ya kura ikitumbukizwa bila stempu, ama na stempu pungufu, isirudishwe kwa mwenyewe wala isicheleweshwe, inapelekwa alafu ofisi ya uchaguzi ndo inadaiwa. Kwa hiyo kuna mtu atasema, kama zinafika hata bila stempu, ya nini kuzilipia? Mimi najibu hivi, mama mtu mzima akiona ile kona iko wazi na imeandikwa "bandika stempu hapa" ataamini anachokisoma, hataanza kutafuta utaratibu wa ndani wa posta. Ataiweka juu ya friji mpaka apate stempu, na uchaguzi utapita bahasha iko juu ya friji. Huduma ambayo inakusaidia kama unaijua siri yake, mimi hiyo siihesabu kama huduma. Ile kona iliyochapwa "imelipwa" inamsaidia hata asiyejua kitu.

Kule Georgia watu walilipeleka mahakamani mwaka 2020, wakasema kumlazimisha mtu anunue stempu ndo apige kura ni kodi ya kura kwa jina lingine, na kodi ya kura ilishapigwa marufuku na badiliko la 24 la katiba yao tangu 1964. Walishindwa. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema mwaka 2021 kwamba stempu sio kodi, ni gharama ya huduma ya posta, na kituo cha kura bado kiko wazi kwa asiyetaka kulipa. Mimi sio wakili na naheshimu mahakama, lakini moyo wangu uko upande wa walioshindwa. Kituo kiko wazi kwa nani, kwa mtu anayemlisha mzee wa watu kwa kijiko siku hiyo kuanzia asubuhi mpaka usiku?

Haya, tuje nyumbani sasa, manake hapa ndo nyota zinaanza kupungua.

Mmarekani aliyeko nje ya nchi na mwanajeshi wao wanalindwa na sheria ya shirikisho ya 1986, ambayo inawapa haki ya kupigia kura jimbo walilotoka, na vifaa vyao vya kura vinasafiri bure kwenye posta ya Marekani, bila kujali jimbo lao linalipa ama halilipi. Hata yule wa Texas akiwa Muyenga analipiwa. Posta haipati hasara, Bunge lao linairudishia hiyo pesa kwenye bajeti, fungu lilelile linalolipia barua za vipofu. Alafu 2009 wakaongeza sheria nyingine kwamba kura itumwe kwako angalau siku 45 kabla ya uchaguzi wa shirikisho, na ukitaka utumiwe kwa njia ya intaneti. Hilo la intaneti ndo limetuokoa huku, manake kusubiri karatasi itoke Massachusetts ifike sanduku la posta la Kampala alafu irudi tena ni safari mbili ndefu. Ukipata kwa intaneti safari inabaki moja.

Inavyokwenda ni hivi. Unapata karatasi ya kura kwenye imeili, unaprinti, unajaza, alafu unaprinti na ile sura ya bahasha ambayo mpango wao wa shirikisho wa kusaidia wapiga kura umeiweka kwenye tovuti yao, FVAP. Mimi huwa naenda Nasser Road, kule kwa wachapaji, yule kijana alichukua bahasha nyeupe ya kawaida akaipitisha kwenye printa ikatoka safi, kona ya juu kulia imeandikwa kwamba posta ya Marekani imelipwa, na chini yake namba ya kifungu cha sheria, 39 USC 3406. Mistari midogo tu ya wino. Lakini hiyo mistari ndo stempu yako, isipokuwepo, ama ikikatwa nusu na printa mbovu, bahasha yako inakuwa barua ya kawaida isiyolipiwa. Kagueni hiyo kona kabla hamjatoka dukani. Na faili ya kura msiiache kwenye kompyuta ya watu, simama pale mpaka aifute, na kujaza ukajaze nyumbani.

Sasa hiyo bahasha umeishika, imelipiwa, imeandikwa imelipiwa, ukienda nayo kwenye kaunta ya barua hapa mjini watakwambia bandika stempu. Na wako sawa! Nimesikia watu wanawalaumu wale wafanyakazi, sio haki. Barua za nchi hadi nchi zinaendeshwa na utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani ambao ulianza 1874, na kimsingi nchi barua inakotoka ndo inachukua pesa ya stempu, alafu inailipa ile nchi inayopokea kwa kazi ya kufikisha. Barua ikitoka Kampala, pesa ya stempu ni ya posta ya Uganda. Bunge la Washington DC limelipia njia ya posta ya Marekani, halijalipia ya kwetu. Kwa hiyo ile alama inafanya kazi kwenye posta ya Marekani, kwenye posta ya jeshi lao, na kwenye mkoba wa kidiplomasia wa ubalozi, basi. Ni sawa na kukatiwa tiketi ya basi ya Nairobi mpaka Kampala alafu ukateremshwa Malaba.

Wala sio Marekani peke yake. Ujerumani wana bahasha yao nyekundu ya kura ya posta, ndani ya Ujerumani inakwenda bure, lakini Mjerumani aliyeko Jinja anajibandikia stempu mwenyewe. Kwa hiyo hata nchi zenye pesa hazijalimaliza hili, na mwaka 2019 lilikaribia kuwa baya zaidi, serikali ya Trump ilitishia kujitoa kabisa kwenye huo Umoja wa Posta kwa sababu ya ugomvi wa bei za vifurushi kutoka China, na watu wa uchaguzi kule wakaanza kuuliza kura za wanajeshi na wa ng'ambo zitasafirije. Mkutano wa dharura wa Geneva mwezi Septemba ukapata mwafaka, wakabaki. Nakumbuka nilifuatilia ile habari kwa wasiwasi kweli.

Kilichobaki ni ubalozi wa Marekani. Uko Nsambya, barabara ya Ggaba, na hapa ndo zile nyota tatu zinapatikana. Bahasha ikiwa na ile alama na anwani ya ofisi ya uchaguzi ya mji wako, imefungwa, imesainiwa panapotakiwa, wanaipokea na inaondoka na mkoba wao mpaka Marekani, ikifika kule inaingia posta ya kawaida na ile alama inaheshimiwa. Hulipi kitu. Nilipoiweka mara ya kwanza nilisikia raha ambayo sio rahisi kuieleza, kwamba niko Kampala na kura yangu inatembea mpaka Massachusetts kwa gharama ya watu walionikubali niwe raia wao.

Lakini angalieni muda. Balozi zao zenyewe huwaambia watu wahesabu mpaka wiki nne bahasha kufika. Siku 45 ukitoa wiki nne unabaki na kama wiki mbili na nusu za kupokea, kuprinti, kusoma majina, kujaza na kufika Nsambya. Na majimbo hayalingani, kuna yanayotaka kura iwe imefika siku yenyewe ya uchaguzi, kuna kama Massachusetts na Pennsylvania yanayowapa wa ng'ambo siku kadhaa za ziada, na kila moja lina masharti yake ya tarehe na muhuri. Bahasha iliyolipiwa haikununulii muda. Nasema hivi kwa uchungu manake nawajua watu walioamini neno "imelipwa" likamaanisha "itafika", wakaipeleka wiki ya mwisho ya Oktoba.

Njia nyingine ni kampuni za vifurushi. Niliuliza moja hapa mjini bei ya bahasha moja kwenda Massachusetts wakanitajia laki mbili na kitu, inafika ndani ya siku chache, sawa, lakini kwa pesa hiyo mtu analipa ada ya mtoto. Na kuna ofisi za uchaguzi zinazotumia sanduku la posta, kampuni za vifurushi hazipeleki kwenye sanduku la posta, inabidi utafute anwani ya jengo. Kuna pia imeili, baadhi ya majimbo yanakuruhusu urudishe kura kwa imeili ukiwa nje, Massachusetts mojawapo, wakati New York na Pennsylvania wanataka karatasi yenyewe. Imeili ni bure na ni ya dakika moja. Shida yangu ni mbili. Majimbo mengi yanayokubali imeili yanakutaka usaini kwamba umekubali kura yako isiwe siri, manake kuna mtu kule ataifungua ainakili, na mimi siri ya kura siuzi, nimekulia hapa, najua thamani yake. La pili ni kwamba Januari 2021 tuliona intaneti ya nchi nzima ikizimwa kwa siku kadhaa. Uchaguzi wao ni Novemba na wetu ni Januari, sawa, lakini karatasi iliyoko kwenye bahasha haizimwi na mtu.

Sasa mtu wa mbali afanyeje? Kuna dada mmoja muuguzi, alirudi kutoka kule akaenda kufanya kazi kwao Arua, na jimbo lake linataka karatasi. Kutoka Arua mpaka Kampala ni kilomita karibu 500, nauli ya kwenda na kurudi, usiku mmoja wa kulala, siku mbili za kazi zimepotea, hayo yote kwa ajili ya bahasha ambayo imeandikwa posta imelipwa. Akaamua kumpa dereva wa basi la usiku, akaifunga kwa kaveera, ule mfuko wa plastiki, mara mbili isilowe, juu akaandika namba yangu ya simu kwa kalamu nene, akalipia kama kifurushi. Nilikwenda kuichukua asubuhi, kaveera lilikuwa na vumbi jekundu kila kona lakini bahasha ndani ilikuwa nyeupe kabisa, saini yake haijachafuka, nikaipeleka Nsambya siku hiyohiyo. (Kabla hamjafanya hivi angalieni sheria ya jimbo lenu, kuna majimbo yanakataza mtu mwingine kukubebea kura, la huyu dada halikatazi.) Alilipa pesa ya kifurushi na mimi nililipa boda. Ukijumlisha, hiyo "posta ya bure" ilikuwa imeshazidi bei ya stempu ya Marekani mara nyingi. Ndo maana Arua nimeipa nyota moja, na huyo dada akisoma hapa nadhani ataona hata hiyo moja nimeipa kwa huruma.

Wengine mtaniuliza kwa nini najisumbua na bahasha za Wamarekani wakati kwetu hata kura ya posta hatuna. Ni kwa sababu nimeishi pande zote mbili. Kwetu unapiga kura kwenye kituo ulichoandikishwa, siku ileile, wewe mwenyewe umesimama pale. Ukiwa umeandikishwa Soroti na kazi yako ni ulinzi wa usiku Ntinda, chagua: kazi ama kura. Mliona wenyewe kabla ya tarehe 15 Januari 2026, paki ya teksi na paki za mabasi zilivyojaa watu wanaokwenda vijijini, na nauli ya siku kama hizo mnaijua. Hiyo nauli ndo stempu yetu! Tofauti ni kwamba haiitwi gharama ya kupiga kura, inaitwa kwenda nyumbani, kwa hiyo hakuna anayeipeleka bungeni. Na Mganda aliyeko London ama Dubai, huyo hana hata nauli ya kuhesabu, hapigi mpaka aje. Wakenya wanaokaa hapa Kampala wanampigia rais wao kura kwenye ubalozi wao tangu 2013. Wanasimama mstari, ndio, hakuna bahasha, lakini serikali yao iliwafuata walipo.

Sisemi tuige bahasha jinsi ilivyo. Nchi ambayo nyumba nyingi hazina namba na barua inasubiriwa kwenye sanduku la posta mjini, bahasha ya kura ingepotea kabla haijafika Kawempe, na mimi ningekuwa wa kwanza kuikataa. Ninachotaka tuige ni swali lenyewe walilojiuliza kule: kura ikishajazwa, ni mali ya nani, na nani anadaiwa kuifikisha? Wauguzi wa Mulago, askari, walinzi, madereva wa malori waliokwama mpakani Elegu, hawa tungeweza kuwawekea kituo walipo, ama kuwarahisishia kuhamisha majina yao kipindi cha kusasisha daftari bila kuwazungusha. Hapo pesa ya serikali ingekuwa imelipa stempu ya Kiganda.

Kwa wenye pasipoti mbili, uchaguzi wa Novemba 3 mwaka huu, 2026, siku 45 zinaangukia Septemba 19. Fomu ya maombi ya kura ya ng'ambo, ile wanaita FPCA, tumeni mapema, na mkijaza chagueni kupokea kwa imeili hata kama mtarudisha karatasi. Ikifika mwanzo wa Oktoba hujaona kura yako, msisubiri, kuna karatasi ya akiba inaitwa FWAB, unaandika majina ya wagombea mwenyewe, inakwenda na bahasha ileile ya 3406, na ile rasmi ikija baadaye unaituma pia, wanahesabu moja tu. Nsambya angalieni tangazo la ubalozi la saa za kupokea kura, nendeni asubuhi kabla ya jamu ya Kabalagala, simu acheni nyumbani ama kwenye gari.

Na kwa ubalozi wenyewe nina ombi moja la kuongeza nyota, nimeshawaandikia na nitawaandikia tena. Pesa ya posta Bunge lenu limeshalipa. Kilichobaki ni barabara. Mwisho wa Septemba gari moja lipite Gulu, Arua, Mbale na Mbarara, siku moja kila mji, likae mahali panapojulikana na sanduku lililofungwa kufuli, raia wenu waje watumbukize bahasha zao.